Alama ndogo iwezayo kufuta faili nzima ya kompyuta

YEYOTE anayejifunza kuiongoza kompyuta kwa kuiandikia amri, badala ya kubofya picha kwenye skrini, hukutana mapema na alama hii: >. Katika hesabu za shule ya msingi, alama hiyo humaanisha 'kubwa kuliko'. Katika kompyuta ina kazi nyingine kabisa, na asiyeifahamu vyema anaweza kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa kupiga kitufe mara moja.

Suala hili lina uzito hata mbali na miji mikubwa. Vijana wa Turkana wanazidi kuingia katika fani ya kompyuta. Kampasi ya Startup Lions, iliyobuniwa na msanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021, iko kando ya Ziwa Turkana, na katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, masomo ya kidijitali hutolewa kwa wakimbizi na wenyeji. Mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, ni miongoni mwa mifumo ambayo mwanafunzi asiye na fedha nyingi anaweza kuitegemea. Humo ndimo alama hii hutumika sana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani mmjini Lodwar ana faili iitwayo mifugo.txt. Ndani yake mna orodha ya wafugaji wa Lokiriama, katika eneo la Loima karibu na mpaka wa Uganda, pamoja na idadi ya mbuzi na ngamia waliochanjwa.

Orodha kama hiyo si karatasi tu. Lokiriama ndiko Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikozika silaha katika mapatano ya amani ya Desemba 1973. Mnamo Septemba 2019, serikali za Kenya na Uganda zilitia saini mjini Moroto makubaliano ya ushirikiano kuhusu jamii za mpakani. Wakati wa kiangazi mifugo huvushwa mpaka kutafuta maji na malisho, na anayeipokea upande wa pili hupenda kujua kama imechanjwa.

Sasa karani anataka majina yapangwe kwa mfuatano wa alfabeti. Anaandika:

sort mifugo.txt > mifugo.txt

Anadhani kompyuta itasoma orodha, iipange, kisha iirudishe katika faili ile ile. Anapoifungua anakuta faili tupu. Hamna jina hata moja.

Sheli hutangulia

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kutenganisha kazi mbili. Programu inayopokea amri tunazoandika huitwa sheli. Programu inayopanga majina, yaani sort, ni nyingine. Sheli ni kama msimamizi anayeandaa mahali pa kazi kabla ya fundi kuingia.

Kila programu huanza kazi ikiwa na mifereji mitatu. Mfereji namba 0 huleta data, namba 1 hutoa matokeo, na namba 2 hutoa taarifa za makosa. Kwa kawaida namba 1 na namba 2 humwaga kwenye skrini. Alama ya > huiagiza sheli iugeuze mfereji namba 1 uelekee kwenye faili. Programu yenyewe haina habari. Huendelea kutoa matokeo kama kawaida.

Mpango huu ulikuwamo katika mfumo wa Unix tangu mapema miaka ya 1970, wakati Ken Thompson na wenzake walipouunda katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Faida yake ni kwamba mtunzi wa programu hahitaji kujifunza jinsi ya kuhifadhi faili, kwa kuwa sheli inamfanyia.

Lakini ugeuzaji huo hufanyika kwanza. Sheli huifungua faili iliyotajwa baada ya >. Ikiwa haipo, huiunda. Ikiwa ipo, huifuta yote iliyomo na kubakiza jina tu. Ndipo programu inapoitwa. Kwa hiyo sort ilipofika kusoma mifugo.txt, ilikuta mtungi mkavu.

Hata kosa la tahajia laweza kuleta hasara hiyo. Karani akiandika sotr badala ya sort na kuelekeza matokeo kwenye ripoti ya zamani, sheli italalamika kwamba haiijui amri hiyo. Wakati huo ripoti ya zamani imekwisha kufutwa. Tena haiendi kwenye pipa la taka ambako ingeweza kuokotwa, wala sheli haiulizi swali lolote kabla ya kufuta.

Namna za kujikinga

Kinga ya kwanza ni kutofautisha alama moja na mbili. Alama ya >> huongeza matokeo mapya mwishoni mwa faili bila kugusa yaliyotangulia. Anayeandika takwimu za kila siku anapaswa kutumia hii.

Ya pili ni kutoelekeza kamwe matokeo kwenye faili inayosomwa. Yafaa yapelekwe kwenye faili yenye jina jipya, yakaguliwe, kisha jina libadilishwe. Kwa kupanga orodha, sort ina njia yake salama:

sort -o mifugo.txt mifugo.txt

Hapa programu yenyewe ndiyo inayoandika faili, na hufanya hivyo baada ya kusoma orodha yote.

Ya tatu ni kufunga komeo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga sheli ya C iliyokuwa na chaguo la kukataza kufuta faili iliyopo. Sheli zilizofuata ziliiga jambo hilo. Katika bash, iliyotolewa mwaka 1989 na kutumika sana katika Linux, mtu huandika:

set -o noclobber

Tangu hapo, sheli hukataa kufungua kwa > faili ya kawaida ambayo tayari ipo, nayo hutoa onyo. Anayetaka kwa makusudi kuifuta huandika >| ili kulifungua komeo kwa amri hiyo moja. Komeo hilo hutoweka dirisha la amri likifungwa, hivyo anayelitaka kila siku huweka mstari huo katika faili ya .bashrc.

Hata hivyo, komeo hilo lina mipaka. Halizuii amri za cp na mv kufunika faili nyingine, ingawa kila moja itauliza kwanza ikiongezewa -i. Pia halizigusi programu ndogo za amri zinazojiendesha zenyewe, kwa kuwa hizo hazisomi .bashrc.

Watumiaji wa Windows nao wasijione salama. Katika PowerShell, kama ilivyo katika dirisha la zamani la amri, alama ya > hufuta faili iliyopo bila kuuliza.

Kinga ya mwisho ni nakala. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu na umeme hutegemea jua, si rahisi kutuma faili mbali kila jioni. Nakala moja kwenye flashi, ikiwekwa katika jengo tofauti na ilipo kompyuta, inatosha kuokoa mengi.

Mapatano ya mwaka 1973 yamedumu kwa sababu watu wengi wanayakumbuka na kuyasimulia. Orodha iliyo katika faili moja tu haina wa kuisimulia. Ikifutwa, karani hana budi kurudi Lokiriama, boma kwa boma, kuhesabu mbuzi upya.