Maarifa ya Mtu Mmoja na Maarifa ya Jeshi

Jeshi lenye mtu mwenye maarifa si sawa na jeshi lenye maarifa. Jambo hili ladhihirika tukichunguza majeshi mawili yaliyopigana mwezi Juni 1815 katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji: jeshi la Napoleon Bonaparte na lile la Prusia.

Tangu 1796 hadi 1814 mnadhimu mkuu wa Napoleon alikuwa Louis-Alexandre Berthier. Napoleon alitamka nia yake kwa haraka. Berthier aliigeuza kuwa amri zilizoandikwa wazi, akahakikisha zimemfikia kila jenerali aliyehusika. Ofisi yake ilikuwa na utaratibu mzuri, lakini ustadi wa kuifahamu nia ya mkuu wake ulikaa kichwani mwake mwenyewe. Mwaka 1815 hakurudi kwa Napoleon, na tarehe 1 Juni alikufa kwa kuanguka kutoka dirishani huko Bamberg. Nafasi yake alipewa Soult, kamanda mashuhuri, lakini asiye na mazoea ya kazi hiyo kando ya Napoleon.

Upungufu ulionekana upesi. Tarehe 16 Juni kikosi cha d'Erlon, chenye askari wapatao 20,000, kilitangatanga kati ya Quatre Bras na Ligny kwa sababu ya amri zilizopingana, kisipigane popote. Siku mbili baadaye, vita vya Waterloo vilipopamba moto, Grouchy na askari wake wapatao 33,000 walikuwa mbali, na amri alizopelekewa hazikuwa wazi, tena zilichelewa. Sababu za kushindwa kwa Napoleon ni nyingi. Hata hivyo, hii haiwezi kupuuzwa.

Sasa tuitazame Prusia. Gerhard von Scharnhorst alianzisha mjini Berlin chama cha maofisa waliosomeana makala na kuhojiana. Baada ya Prusia kushindwa vibaya huko Jena na Auerstedt tarehe 14 Oktoba 1806, yeye aliongoza tume ya kulirekebisha jeshi. Badala ya kuficha makosa, walifanya uchunguzi wa mwenendo wa maofisa. Agizo la 1808 liliweka elimu mbele ya nasaba katika kutoa vyeo, na mwaka 1810 shule ya vita ikafunguliwa Berlin.

Scharnhorst alikufa Juni 1813 kutokana na jeraha. Je, kazi yake ilikufa naye? La, hasha. Gneisenau alishika nafasi yake kando ya Blücher. Huko Ligny, Blücher alipoangukiwa na farasi wake, Gneisenau ndiye aliyeamuru jeshi lirudi nyuma kuelekea Wavre. Kwa njia hiyo Waprusia hawakutengana mno na Wellington, nao wakafika Waterloo siku ile ile aliyowahitaji.

Twajifunza mambo matatu. Kwanza, makosa yachunguzwe na kuandikwa. Pili, maarifa yafundishwe kabla ya haja kutokea. Tatu, msaidizi aijue nia ya kiongozi, wala si amri zake tu.

Basi kila mwenye dhamana ya ofisi, shule au idara na ajiulize: nisipofika kesho, ni nani ajuaye ninayoyajua? Asipopata jina la kutaja, kazi yake ya kwanza imekwisha kujulikana.