Mkeka wa Mwera katika mnada wa mtandaoni

Ufukweni Pangani samaki hunadiwa mbele ya macho. Mnunuzi humgeuza, akamtazama matamvua kama bado ni mekundu, ndipo apandishe dau. Mtandaoni hakuna kugeuza wala kunusa. Mkeka wa ukindu uliosukwa Mwera, ng'ambo ya mto, ukinadiwa kwenye eBay na ndugu yako aliyeko Uingereza, unategemea picha na maelezo tu. Basi huitwa kijana wa nyumbani anayejua kompyuta aje kuyapamba.

Chombo chake ni CSS, wazo alilolitoa Håkon Wium Lie wa Norway mwaka 1994, likapitishwa rasmi Desemba 1996. Ni mistari michache inayosema herufi ziwe na ukubwa gani, vichwa viwe na rangi gani, picha zikae wapi. Ukishaiandika unainakili juu ya kila tangazo, na mikeka 10 inaonekana imetoka duka moja, kama watoto wa shule walioshonewa sare na fundi mmoja. Kwa anayeuza kila mara, hiyo ni faida kweli.

Shida ni kwamba kijana hupanga tangazo kwenye kioo kipana cha kompyuta, mnunuzi akalifungua kwenye simu ndani ya basi. Picha imekatwa nusu, maandishi ni ya njano juu ya kijani, herufi kama punje za ulezi. Hatauliza kosa ni la nani; atapita. Mnada nao una saa yake. Ikifika umefungwa, na kazi ya mama ya siku nyingi imekwenda kwa dau la kwanza.

Kwa hiyo punguzeni madoido. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, ukubwa wa pikseli 16 au zaidi. Kila picha ipewe amri ya "max-width: 100%" ili isivuke ukingo wa kioo. Vitu vya kurukaruka msahau: tangu 2017 eBay imezuia JavaScript na Flash ndani ya matangazo. Kisha lifungueni tangazo kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani, mlisome hadi mwisho.

Maneno ndiyo yenye kazi kubwa. Andikeni urefu na upana kwa sentimita, maana mgeni hajui pima. Kama rangi huchuja ikilowa, au ncha imechanika, semeni. Mkinyamaza, mkeka utarudishwa kwa gharama ya muuzaji, na nauli ya posta inaweza kumeza bei yote. Wala ukweli haufukuzi wateja: mwaka 1995 Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay, aliuza kitochi cha leza kilichoharibika kwa dola 14.83. Alipomuuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa ni kibovu, alijibiwa kwamba yeye hukusanya vibovu.

Kijana anapoketi kuandika, mama naye aketi kando yake, mkeka wenyewe mapajani. Yeye ndiye anayejua ukili gani ulilegea.