Polima na Uundaji wa Kauri Zipitishazo Umeme Bila Ukinzani

Umeme upitapo katika waya wa shaba, sehemu yake hupotea kwa kugeuka joto, maana kila waya wa kawaida una ukinzani. Mwaka 1911, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki iliyopozwa hadi kelvini 4.2 hupoteza ukinzani wote. Mwaka 1986, Bednorz na Müller, watafiti waliofanya kazi Uswisi, waliona hali hiyo katika kauri yenye shaba ndani yake. Mwaka uliofuata ikapatikana Marekani kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo hupoteza ukinzani katika kelvini 93 hivi. Kiwango hicho hufikiwa kwa naitrojeni ya majimaji, ichemkayo katika kelvini 77.

Kauri hiyo huundwaje? Njia ya kwanza ni kusaga pamoja oksidi na kabonati, kuchoma unga huo katika nyuzi 900 hivi za selsiasi, kisha kuusaga na kuuchoma tena. Chembe zake huwa kubwa, na metali hazichanganyiki sawasawa. Njia ya pili ni kuyeyusha chumvi za metali katika maji. Humo huchanganyika vema. Lakini maji yakaukapo, kila chumvi huganda kwa wakati wake, na metali hutengana upya.

Hapo ndipo polima inapohitajika. Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa mithili ya mnyororo. Mnyororo wa polivinili alkoholi, kwa mfano, una vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyoshika ioni za metali. Myeyuko hugeuka utomvu mzito, na kila ioni hubaki mahali pake. Utomvu ukichomwa, polima huungua na kuacha chembe ndogo sana, zipimwazo kwa nanomita, yaani mita 1 iliyogawanywa mara milioni 1000. Kwa kuwa metali zimekaribiana, kauri huundwa kwa joto dogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Hata hivyo, msaada huo una gharama. Polima ina kaboni. Iunguapo hutoa dioksidi ya kaboni, nayo bariamu huikamata na kuwa kabonati, isiyovunjika ila kwa joto kali. Kabonati hiyo hukaa mipakani mwa chembe na kuzuia umeme. Polima ikizidishwa, mabaki yake huongezeka. Ikipunguzwa mno, metali hutengana. Tena, kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo mipaka inavyozidi. Kwa sababu hiyo uchomaji hufanywa polepole, penye oksijeni ya kutosha. Na mwishoni kauri huachwa katika oksijeni, kwenye nyuzi 400 hadi 500, ili iifyonze. Ikikosa oksijeni hiyo, ukinzani haupotei.

Yafaa basi ifahamike kwamba polima si sehemu ya kauri, bali ni jukwaa la mjenzi: bila hilo ukuta hausimami wima, na lisipoondolewa lote nyumba haikaliki.