Form six 7 kati ya 12 zilinirudia: usiuze saizi kwa lebo

Leo tuongee form six, zile fulana za kola zenye vifungo viwili au vitatu kifuani, maana msimu wake ndio huu. Huku Nyamiaga, Ngara, ikifika Juni mvua imekata. Mchana jua na vumbi, jioni baridi. Mwanaume anataka kitu chepesi cha mchana, jioni anatupia jaketi juu. Na ana kola, kwa hiyo hata kikaoni anaingia nayo.

Mwaka jana vijana wa bodaboda walinipa oda ya 12, sare. Nikauliza, "Unavaa saizi gani?" Wakajibu L, XL, XL. Nikaagiza Dar kwa lebo hivyo hivyo. Mzigo umefika na basi, nauli juu yangu, saba zikarudi. Zinabana kifuani, mtu akiinua mkono kitovu kiko nje. Saba kwa 15,000 ni 105,000, na kwangu huo ni mtaji. Zilikaa chini ya kitanda mpaka Desemba, nikazitoa mojamoja kwa 9,000.

Shida ni kwamba kila kiwanda kina XL yake. Baadaye nilichukua rula: XL moja ya dukani, kwapa hadi kwapa, sm 52. XL ya mtumba wa Marekani, sm 60. Lebo ile ile!

Siku hizi simuulizi mteja saizi. Namwambia, "Kaka, chukua fulana inayokukaa vizuri, itandaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, halafu kutoka begani hadi chini." Na mimi kwenye picha naitandaza fulana na futi ya fundi juu yake, namba zionekane. Ikiwa ni pamba tupu naongeza sm 2 au 3, maana pamba hupungua ikifuliwa.

Kitambaa nacho kieleze. Form six nzuri ni ya piké, ule ufumaji wenye vijitundu kama sega la nyuki. Hewa inapita, na haigandi mgongoni ukitoka jasho. Ya poliesta laini inayong'aa inapendeza kwenye picha, lakini kwenye pikipiki saa 7 mchana mteja atakukumbuka kwa ubaya. Piga picha ya karibu kabisa ili vijitundu vionekane. Kola pia, ivute kidogo uone kama inarudi. Isiporudi, ikifuliwa mara chache itajikunja kama jani kavu.

Mteja akisema ni ghali kuliko tisheti ya kawaida, mpe kastori. Zamani wacheza tenisi walivaa mashati ya mikono mirefu. Mfaransa René Lacoste akaja na ya mikono mifupi ya piké, na mwaka 1933 akaanza kuziuza pamoja na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma. Mamba wa kifuani ndiye huyo. (Ukiuza kopi ya mamba, sema ni kopi.)

Vijana wale wa bodaboda wamerudi mwaka huu, safari hii kwa vipimo. Aliyeomba kubadilishiwa ni mmoja tu, na yeye alipima fulana ya mdogo wake.