Uzito Usio na Kazi ni Gharama

Sisi wa visiwani tumemwona fundi wa ngalawa akilichimba gogo la mwembe. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo, lakini fundi hodari habandui ovyo. Huupunguza mti pale pasipobeba mzigo, akaacha unene chini, ambapo chombo hukokotwa mchangani, na pale inapofungwa mirengu. Akibakiza mno, wavuvi hutaabika. Akipunguza mno, chombo hupasuka.

Hekima hiyo ndiyo waifuatayo wahandisi wa leo kwa msaada wa kompyuta. Mhandisi hachori umbo moja akalifunga. Huvifungamanisha vipimo vya kifaa, urefu, unene na upana wa matundu, hata akibadili kimoja vingine hufuata. Kisha kompyuta hukigawa kifaa hicho katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, hukitwika mzigo wa kuigiza, na kuonyesha mahali palipoelemewa na mahali palipolala bure. Palipolala hupunguzwa, palipoelemewa huimarishwa, na kazi hurudiwa mara nyingi kabla ya chuma kukatwa.

Mwaka 2013 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza shindano la wazi la kupunguza uzito wa kishikizo cha injini ya ndege pasipo kukidhoofisha. Michoro karibu 700 ilipelekwa. Mshindi hakutoka katika kiwanda kikubwa cha Ulaya wala Marekani. Alikuwa kijana mhandisi wa kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Kishikizo cha awali kilikuwa na uzito wa gramu 2,033. Cha kwake kilikuwa na gramu 327, yaani pungufu ya asilimia 84.

Hatuna budi kuzingatia jambo moja. Kampuni haikutosheka na picha za kompyuta. Michoro kumi iliyo bora ilitengenezwa kwa madini halisi, ikatwikwa mzigo halisi. Kompyuta hujibu kile ilichoulizwa tu. Asiyeitajia wimbi la kusi hatapewa chombo cha kulistahimili. Wepesi wa ujuzi si wembamba wa ulaghai.

Kwetu jambo hili si la anasa. Bidhaa zetu nyingi huvuka bahari, na kila kilo isiyo na kazi ndani ya boti hula mafuta kila safari, na gharama yake humwangukia abiria, mvuvi na mnunuzi wa unga dukani.

Wala isisemwe kwamba hatuna fedha. Ipo programu iitwayo FreeCAD, itolewayo bila malipo, ambayo huchora kwa vipimo vilivyofungamana na pia hupima mzigo. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo hii imekwisha kutufikia mlangoni.

Kwa hiyo tunawahimiza wakuu wa vyuo vya ufundi wawakutanishe vijana wa kompyuta na mafundi wa pwani, kila mmoja amfundishe mwenziwe. Nao maofisa wanaoandaa zabuni za boti za umma wasiulize bei na rangi peke yake. Wadai hesabu ya mzigo, na wadai ushahidi kwamba chombo kilijaribiwa majini. Kijana wa Java alikuwa mtu wa kisiwa kama sisi. Kilichomfikisha ni elimu iliyotumiwa.