Je, Wajua? Kiputo cha Gesi Huifungulia Jeni Mlango

Je, wajua kuwa mawimbi ya sauti yaleyale yanayomwonyesha mama mjamzito mtoto wake kwenye skrini yanaweza pia kuingiza jeni ndani ya seli?

Siri iko kwenye viputo vya gesi vilivyovikwa ganda jembamba la mafuta au protini. Kiputo kimoja hulingana na chembe nyekundu ya damu, au huwa kidogo zaidi, hivyo hupita hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Watafiti huvidunga mshipani pamoja na jeni, kisha huelekeza mawimbi hayo ya sauti, yaani ultrasaundi, kwenye kiungo kinachougua, tuseme moyo. Hapo viputo hutanuka na kusinyaa kwa kasi kubwa mno, kisha hupasuka. Mtikisiko huo hutoboa vitundu kwenye utando wa seli. Jeni hupenya, vitundu hujiziba, na gesi hutoka kwa pumzi.

Mwaka 2015, madaktari wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, Kanada, walitumia viputo na ultrasaundi kufungua kwa muda kizuizi kati ya damu na ubongo ili dawa ya saratani ipite, bila kupasua fuvu. Kwa upande wa jeni, majaribio mengi bado hufanywa kwa wanyama.