Sauti Inapochungulia Nyuma ya Mtoto wa Jicho

Mkulima wa alizeti wa Mkalama, Singida, aliyechelewa hospitalini hadi mtoto wa jicho akakomaa huwa na mboni nyeupe, na tochi ya daktari hugota hapo hapo. Nyuma yake iko retina, utando mwembamba unaopokea mwanga, na hakuna anayeweza kuuona. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi mpya kuwekwa. Lakini retina ikiwa imekwisha kubanduka, lenzi mpya peke yake haitamrudishia mkulima huyo uwezo wa kuona, na ni haki yake kulijua hilo kabla ya kupasuliwa.

Mwanga unaposhindwa, sauti hupita. Wamarekani Mundt na Hughes walichunguza jicho kwa mwangwi mwaka 1956. Leo ultrasaundi ya jicho hutumia mawimbi ya takriban megahezi 10, wakati ya tumbo la mjamzito huwa megahezi 3 hadi 5. Mawimbi ya jicho hayafiki mbali ila huchora kwa undani, na jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 tu. Mgonjwa hufumba jicho, jeli hupakwa juu ya kope, kipimio huwekwa taratibu. Hakuna sindano wala maumivu.

Ute unaojaza jicho lenye afya huonekana mweusi kwenye skrini, kwa kuwa karibu wote ni maji. Damu iliyovujia humo, mara nyingi kwa sababu ya kisukari kuharibu mishipa ya retina, hutokea kama nukta nyeupe zinazoyumba jicho likizungushwa. Retina iliyobanduka ni mstari mweupe ulioshikilia pale neva ya jicho inapoingilia. Ikibanduka yote, huchora herufi V. Ute nao hujitenga na retina umri unaposonga, na utando wake humchanganya mpimaji mchanga: ni mwembamba zaidi, na huendelea kucheza hata jicho likitulia.

Hapo ndipo ujuzi unapohitajika. Mashine za ultrasaundi zimezoeleka kwenye kliniki za wajawazito, na baadhi, zikifungwa kipimio kinachofaa, zinaweza kuonyesha jicho. Kinachopungua zaidi ni mtu aliyefundishwa kumwambia mgonjwa atazame juu, kisha kushoto, na kusoma kinachocheza.

Kwa Singida, kusoma vibaya ni safari ya bure au jicho lililopotea. Ute uliojitenga bila kuchana retina kwa kawaida hauhitaji kupasuliwa. Retina iliyobanduka inahitaji, na upasuaji huo hufanywa katika hospitali kubwa chache, Muhimbili na KCMC zikiwamo. Kufika Dodoma tu, njiani kwenda Muhimbili, ni kilomita zipatazo 240. Kama sehemu ya kati ya retina bado imeshika, siku chache ndizo zinazoamua.

Mtoto mdogo mwenye mboni nyeupe asisubirishwe hata kidogo. Inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya retina, ambayo mara nyingi hubeba chembe za chokaa zinazong'aa kwenye picha na kuacha kivuli nyuma yake.

Kipimo hiki kina mpaka, nao unawahusu wachimbaji wadogo wa Sekenke, Iramba, ambako dhahabu inachimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kipande cha jiwe au cha tindo kikitoboa jicho, kulibonyeza kwa kipimio kunaweza kusukuma nje vilivyomo ndani. Jicho hilo halioshwi wala halisuguliwi; hufunikwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha plastiki, na majeruhi akapelekwa kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.